Mkeka Juu ya Eksi

Vijana wa kikundi cha wachoraji pale Sinza wameniomba niandike habari za kazi yangu kabla sijasahau. Niliwaambia kusahau nimeshaanza, kwa hiyo tusicheleweshane. Mie naitwa Kosmas, mafundi wengi wananijua kwa jina la Fundi Kosi, na maisha yangu yote ya kazi nimeandika mabango kwa brashi, zaidi upande wa Temeke. Habari za malipo sitazigusa, na za kupanda cheo hazipo. Fundi wa mabango hapandi cheo, anapanda ngazi, na mwaka huu magoti yangu yamekataa hata hiyo.

Nilikuja mjini kutoka Mahenge nikiwa kijana, nikafikia Tandika kwa shemeji yangu, mume wa dada. Alikuwa karani na alitaka nami niwe karani, kwa sababu nilikuwa na mwandiko ambao masista wa shule walikuwa wakiusifia. Siku moja alinituma kununua betri za redio. Njiani nikamkuta mtu mwembamba, kofia nyeupe kichwani, amesimama juu ya kreti la soda anaandika jina la duka la vitambaa. Hakuwa amechora kwanza kwa penseli. Alikuwa anaweka brashi ukutani, anavuta, anainua, na herufi inabaki pale kana kwamba ilikuwapo tangu ukuta ujengwe. Nilisimama mpaka shemeji akaja kunitafuta. Betri zenyewe nilikuwa sijanunua.

Yule alikuwa Maalim Hafidh. Watu wa kwao ni Waarabu wa siku nyingi pale Temeke, ndugu zake wote wauza vitambaa, yeye peke yake alishindwa kukaa nyuma ya meza akipima mita. Aliandika mabango ya maduka kwa herufi zetu hizi na kuta za misikiti kwa herufi za Kiarabu, na alikuwa akisema mkono ni ule ule, unabadilisha upande wa kuanzia tu.

Kesho yake nikamfuata.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba. Unajua kuandika?"

"Najua, Maalim. Masista walikuwa wananisifu."

"Basi hiyo ndiyo shida yetu ya kwanza," akasema, akaendelea kuosha brashi.

Alinipa kopo la maji, brashi moja kuukuu na kipande cha bati kilichopakwa rangi nyeusi. Niandike S. Kwa maji. Jua likiikausha inapotea, naandika nyingine. Wiki zikapita, S tu. Nikimwuliza lini nitashika rangi, ananijibu rangi ni ya wanaotaka kazi yao ionekane. Baadaye nilikuja kumwelewa. Herufi nyingine zina mguu wa kusimamia au ukuta wa kuegemea, lakini S inajishikilia yenyewe, mkono ukiyumba kidogo inaanguka kifudifudi. Mpaka leo nikitaka kumjua fundi siangalii picha zake, naangalia S yake. Vijana wangu wa Sinza, mnisamehe, zenu nimeziangalia.

Alinifundisha mengine ambayo nitayaweka hapa kwa sababu hayapo tena popote. Brashi ukishaiosha kwa mafuta ya taa na sabuni, ipake mafuta ya kujipaka mwilini, uikaze ncha kwa vidole, uilaze. Ukiisimamisha kwa nywele zake umeiua. Mkono wa kuandikia uuegemeze kwenye fimbo iliyofungwa kitambaa mwishoni, usiguse ukuta, maana ukuta una vumbi na wewe una jasho. Mstari ulionyooka haupatikani kwa rula, unapatikana kwa uzi uliopakwa chaki: watu wawili, mmoja kila ncha, unauvuta katikati unauachia, pa! Nafasi kati ya herufi usiipime, itazame. A na V zikikaa jirani kwa kipimo cha rula zinaacha pengo kama mtoto aliyeng'oka meno. Na kabla hujaanza kazi yoyote, kaa chini mbele ya ukuta ule, unywe chai. Maalim alikuwa anakunywa chai mpaka wenye duka wanaanza kunong'ona. Ukuta una mahali umebonyea, una upande unaopata jua, una mahali watu wanaegemea. Usipoujua, utakuaibisha.

Kazi za siku zile nazikumbuka kwa furaha. Mabucha walitaka ng'ombe mwenye afya, na wengine walitaka awe anacheka, jambo ambalo sikuwahi kulielewa. Saluni walitaka vichwa vya kila mtindo, na wateja walikuwa wakinyoosha kidole ukutani, "Ninyoe kama huyo," kwa hiyo nikikosea sikio, mtaa mzima unatembea na kosa langu. Kazi ngumu zilikuwa zile za NYUMBA HII HAIUZWI. Nyie mnaiona tu ukutani mnapita, lakini nyuma ya maneno yale pana ugomvi wa ndugu. Wakati mmoja kule Mtoni niliandika HAIUZWI huku mdogo mtu amesimama chini ya ngazi ananitukana. Juma lililofuata mdogo mtu alinifuata mwenyewe, kwa adabu kabisa, kuniomba niondoe ile HAIUZWI niweke INAUZWA. Nilikwenda kumwuliza Maalim tufanyeje. Akasema, "Mwambie sisi tunaandika, hatuondoi." Likawa ndilo neno letu la kazi.

Niliandika misalaba pia. Mama mmoja wa Keko alifiwa na binti yake, akaniletea jina lililoandikwa kwenye karatasi, majina matatu kamili, ya cheti. Nilipokuwa nimeshaweka mstari wa chaki akanishika mkono. "Fundi, hakuna mtu aliyekuwa anamwita hivyo. Sie tulikuwa tunamwita Kipepe." Nikamwuliza niandike lipi. Akafikiri sana. Akasema niandike Kipepe kubwa na hayo mengine chini, madogo, kwa ajili ya serikali. Nimeandika majina mengi katika maisha yangu, lakini lile niliandika polepole kuliko yote.

Maalim Hafidh alifariki kabla hajaona mashine za kuchapa mabango ya plastiki, na nashukuru. Zilipoingia, kazi yetu iliisha taratibu kama sabuni. Mtu anapeleka picha yake asubuhi, mchana anatoka na bango refu kuliko nyumba, na uso wake ukiwa mweupe kuliko alivyozaliwa. Mafundi wenzangu wakaenda kwenye rangi za majumba, mmoja akafungua genge. Mie nikabaki na vibao vya hapa na pale, na hapo ndipo ilipokuja ile kazi ambayo vijana hasa wanataka niieleze.

Ulikuwapo mtaa mmoja wa Temeke, siutaji jina, ambao nyumba za mstari wa mbele zilipigwa eksi. Barabara itapanuliwa, wakasema watu waliokuja na gari na ndoo ya rangi nyekundu. Walipiga eksi kubwa kila nyumba, ubavuni mwa mlango, wakaenda zao. Barabara haikuja. Mwaka ukaisha, ukaja mwingine, na mwingine. Nyumba zilibaki pale zimehukumiwa lakini hazijanyongwa. Nani atapanga chumba kwenye nyumba yenye eksi? Nani atabadilisha bati? Na lilikuwapo onyo ambalo mwenyekiti wa mtaa alilitangaza kwa kipaza sauti: atakayefuta alama atashitakiwa.

Nikiri kwamba mie nilichukia kwanza kwa sababu ya ufundi. Ile si herufi. Mkono mmoja mrefu, mwingine mfupi, rangi imetiririka mpaka chini kwa kuwa mtu alichovya brashi nzima. Maalim angelia.

Katika nyumba hizo moja ilikuwa ya Bi Tatu, mjane, Mzaramo wa Kisarawe, msukaji wa mikeka. Marehemu mumewe aliijenga ile nyumba tofali kwa tofali. Nilimfahamu kwa kuwa nilimwandikia kibao cha MIKEKA INAPATIKANA HAPA, siku nyingi nyuma. Baada ya eksi watu waliacha kusema kwa Bi Tatu. Wakawa wanasema kwa Mama Eksi. Mwuza maji anaelekezwa hivyo, watoto wanaimba hivyo, hata mashoga zake msibani jina hilo liliwatoka. Lililomuumiza zaidi lilikuwa la binti yake mkubwa, Mwajuma. Washenga walikuja na heshima zao, wakasimama nje wakiitazama ile alama, wakaulizana kwa sauti ya chini, wakaingia, wakanywa chai. Baadaye ikaja salamu kwamba upande wa mwanamume wanaomba harusi ifanyike kwingine, maana wageni wao hawawezi kuletwa kwenye nyumba ya kubomolewa. Mwajuma akaozwa Kisarawe kwa shangazi yake. Bi Tatu alinisimulia hilo akiwa anasuka, hakuinua macho. "Mwanangu sikumtoa mlangoni kwangu, fundi. Nilimtoa kwa mlango wa kuazima."

Sasa, Maalim alikuwa na mjukuu, Nasra, anayekaa Kawe, mwalimu wa sanaa. Alikuwa amekwenda kusoma Japani, akarudi na mawazo mengi na begi la picha. Alinitafuta mpaka akanipata.

"Shikamoo, Mzee Kosi. Mie Nasra, mjukuu wa Maalim Hafidh."

"Marahaba, mwanangu. Andika S nione."

Akacheka, akaiandika mchangani kwa kijiti. Haikuwa mbaya. Nikampa kiti.

Alichonieleza ni hiki. Japani ya zamani, mtu akihukumiwa kwa kosa, watawala walikuwa wakimchora mwilini kwa sindano na wino, mistari mkononi, mahali pengine hata kwenye paji la uso. Akimaliza adhabu anarudi kwa watu, lakini mistari inakwenda naye. Hapati kazi, hapati mke, kila anayemwona anamsoma kabla hajafungua mdomo. Na wino ule hautoki. Basi baadhi yao wakawa wanakwenda kwa mafundi wa kuchora miili, wanawaambia nichoreni zaidi. Fundi anachukua ile mistari, anaigeuza ukingo wa wimbi, au mgongo wa samaki, au tawi, halafu anaendelea mpaka mkono mzima, mpaka mgongo, picha moja kubwa ya mwenye mwili mwenyewe.

"Mie nataka tufanye hivyo kwa nyumba," akasema Nasra. "Zile za eksi. Mimi nachora kwenye karatasi vizuri, lakini ukuta siuwezi. Bibi alisema wewe ndiye mkono wa babu uliobaki."

Bibi yake alijua namna ya kumfunga mtu.

Tulianza kwa Bi Tatu. Nasra akakaa naye mkekani, akamwonyesha picha kwenye simu: mkono wenye mistari miwili myeusi, kisha mgongo uliojaa mawimbi na samaki mwekundu. Bi Tatu akavaa miwani.

"Na ile mistari imekwenda wapi?"

"Ipo, Bi. Tazama hapa, chini ya wimbi."

"Kwa hiyo hawakuifuta."

"Haifutiki. Imo ndani ya ngozi."

Bi Tatu akaitazama sana. "Hii yangu nayo haifutiki," akasema. "Nikiifuta wananifunga. Lakini hakuna aliyesema nisiongeze."

Nasra aliruka kwa furaha. Siku chache baadaye akaja na mchoro wake, samaki mkubwa amekunja mwili, eksi imekuwa mapezi yake, kazi nzuri kweli. Bi Tatu akaugeuza huku na huku.

"Samaki mzuri," akasema. "Lakini mie huyu simjui."

Nikaona uso wa Nasra umeshuka. Alikuwa amekesha na samaki yule. Akauliza kwa upole, "Basi wewe unataka nini, Bi?"

Mbele ya Bi Tatu palikuwa na miyaa, yale majani ya ukindu yaliyochanwa na kutiwa rangi, tayari kwa kusuka. Akachukua mmoja mwekundu akaulaza, akachukua wa pili akaupitisha juu yake, akaitazama tu, kama mtu anayeona kitu alichokuwa nacho siku zote. Sisi nasi tukaona. Ilikuwa eksi. Akaongeza mwaa wa tatu, wa nne, mmoja juu mmoja chini, na ile eksi ikawa haipo tena. Nasra akaweka kiganja mdomoni.

"Ukuta mzima," akasema Nasra.

"Ukuta mzima," akasema Bi Tatu. "Wa rangi nne. Na ukingo."

Kazi ile ilinitoa jasho kuliko mabango yangu yote. Nilikunywa chai mbele ya ukuta ule kama nilivyofundishwa, na nilichokiona kilinitisha. Eksi ilikuwa imepinda. Ningepiga mistari yangu iliyonyooka, yenyewe ingebaki imejitenga, kila mtu anaiona. Nasra ndiye aliyepata jawabu. Alisema fundi wa kule hamnyooshi mtu mgongo, anafuata mwili ulivyo. Basi tukaacha kunyoosha. Tuliufunga uzi wa chaki kwenye ule mkono mrefu wa eksi, tukaupigia mistari sambamba mpaka kona ya nyumba, kisha tukafanya hivyo hivyo kwa ule mfupi. Mkeka mzima ukalalia upande mmoja kidogo, kama mkeka halisi ulioanikwa. Kosa lao likawa ndilo kipimo chetu.

Nilitafuta nyekundu inayolingana na ile yao, nikachanganya na kahawia kidogo kwa kuwa jua lilishaila. Nasra alishika zambarau na kijani. Bi Tatu alikaa kwenye kigoda chini yetu na sauti yake.

"Fundi, hapo umeruka mwaa."

"Sijaruka, Bi."

"Umeruka. Hesabu kutoka kwenye dirisha. Juu, chini, juu, juu. Mkeka huo utafumuka."

Nikahesabu. Nilikuwa nimeruka. Majirani walileta viti, wakawa wanakaa kututazama jioni baada ya jioni, na kila mmoja alikuwa fundi. Mkono wangu ulikuwa umeshaanza kutetemeka siku zile, lakini nikiushika ule mstari wa kuvuta kwa pumzi moja unatulia. Sijui niliseme vipi hili bila kujisifu: nilikuwa nasikia Maalim amesimama nyuma yangu, na mara moja tu, kwenye kona ya juu, nilihisi ameridhika.

Mwenyekiti wa mtaa alikuja. Akazunguka, akakohoa. "Fundi Kosi, unajua unachokifanya?"

"Nachora mkeka, mwenyekiti."

"Wakija mie sikuwepo," akasema, akaenda, lakini kesho yake alirudi na kiti.

Wakaja kweli. Walikuwa wawili, mkubwa mmoja mwenye tumbo na shati la mikono mirefu, na mpimaji kijana. Ukuta ulikuwa umekamilika, rangi bado inanukia. Yule mkubwa akashuka garini akiwa ameshakasirika.

"Nani amefuta alama?"

"Haijafutwa, mwanangu," akasema Bi Tatu. "Karibuni. Habari za kazi?"

"Mama, siioni alama."

"Ipo. Hakuna aliyeigusa. Itafute."

Akautazama ukuta. Alisogea mbele, akarudi nyuma, akavua miwani, akaivaa. Watu walikuwa wameshajaa na hakuna aliyecheka, jambo ambalo lilinishangaza kwa mtaa ule. Mpimaji kijana ndiye aliyeipata, na aliipata kwa kidole, maana rangi yao ilikuwa nene, imevimba kwenye lipu. Akaifuata kwa mkono, mstari wa kwanza, mstari wa pili. "Hii hapa, bosi. Iko nzima."

Pamoja na hayo walituchukua. Mie na Nasra tuliambiwa tupande gari, twende ofisi ya kata kueleza kwa nini tumeharibu alama ya serikali. Niliogopa, sifichi. Mtu wa umri wangu ukimweka mahabusu hata siku moja, hatoki yule yule. Nasra alikuwa amenishika mkono. Tulikalishwa kwenye benchi mpaka mchana. Bi Tatu akatokea kwa miguu, amejitanda kanga, na hotpoti ya ubwabwa kichwani. Akatupakulia pale pale benchini, kisha akaingia ofisini bila kuitwa. Mlango ulikuwa wazi, tulisikia yote.

"Mama, hili suala ni la hao wachoraji."

"Nyumba ni yangu. Mie ndiye niliyewaambia."

"Uliwaambia waifiche alama."

"Sikuwaambia waifiche." Sauti yake haikupanda. "Nyie mlikuja kuandika nyumbani kwangu hamkupiga hodi, hamkusalimu, hamkuuliza nani anakaa humu. Mkaniachia kitu chenu mlangoni miaka yote hii. Mwanangu ameolewa kwa watu kwa sababu yake. Sijakitoa, mlikataza. Nimekikaribisha tu ndani, kikae na vyangu. Kuna kosa gani kumkaribisha mgeni?"

Feni ilikuwa inalia. Kisha nikasikia yule mkubwa anauliza, kwa sauti nyingine kabisa, "Jina lako nani, mama?"

"Tatu binti Mwinyimvua."

"Bi Tatu, barabara itakuja tu. Siku moja itakuja. Siwezi kuizuia mimi."

"Ije, baba. Sijasema isije. Nimesema mie siyo barabara."

Tuliachiwa na onyo la mdomo. Kesho yake wakaja kuchimbia kijiwe cha saruji uani kuwa ndiyo alama, na mpimaji kijana alibisha hodi kwanza.

Baada ya hapo mstari wote wa mbele ulitutaka. Fundi cherehani aligeuza eksi yake kuwa mshono, nyuzi ndefu ukuta mzima na sindano mwishoni. Baba mmoja mwenye timu ya mtaa alitaka nyavu za goli, na mpira ndani, na akatufanya tuandike nani alifunga. Kila mtu alitaka kitu anachokijua. Nasra alipiga picha zote, akazitundika kwenye ukumbi mmoja Kinondoni, na akaandika pembeni habari za wale watu wa Japani na mistari yao. Tulikwenda na Bi Tatu. Alisimama mbele ya picha ya mgongo wa yule mtu wa mawimbi muda mrefu kuliko alivyosimama mbele ya ile ya ukuta wake. "Huyu naye aliumia," akasema. "Sindano zote hizo. Lakini tazama alivyosimama."

Na lililokuwa kubwa kuliko ukumbi ni hili. Binti mdogo wa Bi Tatu, Pili, alikuja kuposwa. Washenga walisimama nje wakautazama ukuta, mmoja akaita wenzake waje waone. Pili alitoka mlangoni kwa mama yake, vigelegele mpaka barabarani, na kila picha ya harusi ile ina mkeka wangu nyuma. Watu walikuwa wanasema kwa Bi Tatu wa Mkeka. Mie nilikaa pembeni na sahani ya pilau, nikiwa na shati la kuazima kwa shemeji, na sikumbuki siku nyingine ya kazi niliyojiona fundi kama siku ile.

Barabara ilikuja. Watu wa serikali walikuwa wameshamalizana na wenye nyumba wote, watu wakahama kwa utaratibu. Nasra alitaka tukate kipande cha ukuta kihifadhiwe. Bi Tatu akakataa. "Mwache aende mzima," akasema, kana kwamba ni mtu. Siku ya kubomoa yeye hakwenda, mie nilikwenda. Ulianguka mara moja, kifudifudi, na vumbi lilipotulia kwenye yale mabonge rangi zilikuwa bado zimeshikana, juu, chini, juu. Nikatoka nikaenda kukaa kwenye mgahawa wa jirani, nikaagiza chai, sikuinywa.

Bi Tatu alijenga Chanika, nyumba ndogo ya vyumba viwili. Mwaka huu, nilipokuwa nimeshagawa brashi zangu, akanipigia simu. Ana kazi. Nikamwambia nimestaafu. Akasema ananisubiri Jumamosi. Nilikwenda nimebeba uzi wa chaki, nikiwaza njiani ni mkeka wa namna gani anautaka sasa. Nikamkuta amesimama mbele ya nyumba, ukuta wa lipu mbichi, kijivu.

"Niambie, Bi Tatu. Rangi ngapi?"

"Moja. Nyeupe."

"Sawa. Na juu yake?"

"Juu yake basi."

Nakubali kwamba nilijisikia vibaya kidogo. "Bi Tatu, nyeupe hata mtoto wa jirani anaipaka."

"Mtoto wa jirani sikumwita. Nimekuita wewe." Akafuta kiti kwa upande wa kanga. "Temeke kila asubuhi nikifungua mlango nilikuwa natazama kwanza wameniandika nini. Hata ulipochora mkeka, nilikuwa natazama kama upo. Hapa hawajaja. Nataka nione ukuta ambao hakuna mtu ameshausemea neno."

Nikapaka. Mkwe wake, mume wa Pili, alipanda ngazi akafanya juu, mie nikafanya chini mpaka usawa wa bega, mkono mmoja wa rangi, ukakauka, mkono wa pili. Nimezipaka kuta nyingi kwa ajili ya kuandika, lakini sikuwahi kuupaka mmoja halafu nikauacha. Mkono ulikuwa unatafuta pa kuanzia. Nikauzuia.

Tulipomaliza akaleta chai na mihogo ya kukaanga, tukakaa wawili, tumeuelekea ukuta kama watu walioko mbele ya televisheni. Jua lilikuwa limeupiga, unaumiza macho.

"Unaona nini, fundi?"

"Sioni kitu, Bi. Naona ukuta."

"Ehe," akasema, akanisogezea kikombe. "Ndio huo."